Diski ya Ziada

Imeandikwa juu ya boksi kwa herufi za dhahabu:
Pamoja na diski ya ziada.
Nikaiweka mwisho, kama mtoto anavyoficha
kipande cha nyama chini ya wali.

Al-Khoud, usiku wa Alhamisi, kiyoyozi kinakohoa.
Sehemu arubaini na tatu za Jemadari wa Zohali
nimezimaliza kwa wiki mbili.
Mwanangu Sulaim alipita, akatazama dakika tatu:
"Baba, mbona midomo yao haifuatani na maneno?"
Akaenda zake.

Haifuatani, kweli. Haikufuatana kamwe.
Tulipokuwa tukikaa Wadi Kabir,
chumba na ukumbi, sisi saba,
roboti alisema Kiarabu fasaha cha vitabuni,
mtaani watu wakisema chao,
na ndani kwetu Kiunguja kitupu.
Bibi Ghaniya, sinia mapajani, anachambua mchele,
huniuliza: "Hilo dubwana lasemaje?"
Nami, miaka minane, mkalimani wa sayari:
"Lasema halirudi nyuma maadamu lina ngumi."
"Liambie lile kwanza. Vita havipiganwi na njaa."

Ndivyo nilivyojifunza lugha ya nchi yangu:
kinywani mwa chuma. Siku ya kwanza skuli
nilimwamkia mwalimu kwa sauti ya jemadari
na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Haya, diski ya ziada.
Michoro ya penseli. Watu wa studio wakikosea, wakicheka.
Halafu mzee mmoja kitini, miwani minene,
ndiye aliyetunga.
Anasema, kama muuza samaki anayetaja bei:
roboti alitoka kiwandani kwanza.
Hadithi ilikuja baadaye, kamba ya kufungia mzigo.
Ngumi inaruka, anasema,
kwa sababu ngumi inayoruka hupotea,
na iliyopotea hununuliwa tena.
Na Luteni Mirihi, aliyeungua peke yake
sehemu ya ishirini na sita?
"Mwanasesere wake hakuuzika."

Nikaisimamisha picha hapo,
mdomo wake wazi, na wangu.

Siku mbili nilimlilia, mimi.
Bibi akamsomea Fatiha kwa ajili yangu,
ingawa aliuliza kwanza kama alikuwa Muislamu.

Wangu tulimnunua Ruwi,
riali nne na baisa mia tano.
Mama akahesabu mara mbili, akapunguziwa ile mia tano.
Ubavuni mwa boksi: ngumi ya akiba inauzwa peke yake.
Wiki haijesha, ngumi ya kulia ikaruka kutoka ghorofa ya tatu,
ikatua juu ya pikapu ya saruji,
ikaenda nayo Nizwa, au popote.
Ya akiba, riali moja. Riali tulikuwa nayo,
ila ilikuwa na jina tayari: mkate, maziwa, gesi.
Bibi akakata kona ya kanga yake,
akajaza pamba ya mto, akashona ngumi.
Vidole vinne. Dole gumba alilisahau.
"Jino la pembe si dawa ya pengo," akasema,
akikata uzi kwa meno yake machache,
"lakini utacheka nalo."

Ngumi ile haikuruka. Ukiirusha, inaanguka
taratibu, kama mtu anayekaa.

Juzi kanipigia mtu wa Sharja, mkusanyaji.
Akiwa kamili, riali mia mbili na themanini.
Boksi lipo? Lipo.
Betri hazikuvujia ndani? Hazikuvuja.
Na ngumi zote mbili, za asili?

Nikamtoa kabatini, nikampangusa vumbi.
Rangi ya kitambaa imekwenda.
Kwenye maandishi ya kanga, pale penye viungo vya vidole,
limesalia neno moja: BADO.

"Zote mbili?" akarudia kwa Kiarabu, simu ikikwaruza.
"Bado," nikamwambia.
Akanyamaza, akingoja maana.
Sikumfasiria.